UZI: Shule za vijijini Tajikistan, uhaba wa walimu umejificha ndani ya ratiba

Ikama_Pungufu (mleta mada)

Wakuu, kuna swali linazungushwa sana kwenye nyuzi za elimu: inakuwaje wizara iseme ikama (idadi ya walimu inayotakiwa) imejaa, halafu mtoto wa darasa la 8 anafundishwa kemia na mwalimu wa michezo? Jibu linaonekana waziwazi Tajikistan, hasa vijijini, kwa hiyo naomba tuitumie nchi hiyo kama meza ya upasuaji. Wenye ujuzi wa vipande vingine (madarasa ya pamoja, lugha, mafunzo kazini) mtakuja kuongezea.

Kwa asiyeijua: ni nchi ya Asia ya Kati, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ni milima, na watu wengi wanaishi vijijini. Ilijitenga na Umoja wa Kisovieti 1991, ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe 1992 hadi 1997. Kitajiki ni Kiajemi kinachoandikwa kwa herufi za Kisirili kama za Warusi. Shule ni miaka 11: darasa la 1 hadi la 4 ni msingi, la 5 hadi la 9 hatua ya kati, la 10 na la 11 ni sekondari kamili. Lazima kisheria ni miaka 9. Kijijini mara nyingi yote yako kwenye jengo moja chini ya mkuu mmoja.

Sasa kiini. Sisi huku Tanzania mwalimu analipwa kwa daraja: ukiwa TGTS D unapokea mshahara wa D, uwe na vipindi 12 au 30. Kule wamerithi kitu kinaitwa stavka. Stavka moja ni mshahara mmoja kamili, na inapimwa kwa vipindi. Kipimo cha Kisovieti kwa madarasa ya juu kilikuwa vipindi 18 kwa wiki. Ukifundisha 9 unapata nusu, ukifundisha 27 unapata moja na nusu. Juu yake kuna nyongeza ndogondogo: kusahihisha madaftari, kuwa mwalimu wa darasa, kutunza chumba cha somo.

Chukua shule ya mkondo mmoja inayoishia la 9. Fizikia inaanza la 7. Tuseme vipindi 2 kwa wiki, madarasa 3: jumla 6. Kemia inaanza la 8: vipindi 2 mara madarasa 2, jumla 4. Gawa kwa 18. Nafasi ya fizikia ni theluthi ya mshahara, ya kemia haifiki hata robo. Nani aliyehitimu fizikia atahamia kijiji cha mwisho wa barabara kwa theluthi ya mshahara ambao hata ukiwa mzima ni mdogo?

Hakuna. Basi vipindi 6 anapewa mwalimu wa hisabati. Naye hisabati, tuseme 5 kwa wiki kuanzia la 5 hadi la 9, tayari ni 25. Jumla 31. Kwenye taarifa ya wilaya fizikia imeandikwa "ina mwalimu". Nafasi wazi: sifuri. Ikama imejaa, na hakuna aliyedanganya.

---

MwalimuRongai

Asante sana mwalimu kwa hesabu hiyo. Huku Kenya TSC (tume inayoajiri walimu) hulipa kwa daraja pia, kwa hivyo hii ya kulipwa kwa kipindi ni mpya kwangu. Swali: mkuu wa shule hawezi kuajiri kijana mpya na kugawa vile vipindi 31?

---

Ikama_Pungufu

@MwalimuRongai kwenye karatasi anaweza. Kwa vitendo, kumpa kijana vipindi 13 ni kumnyang'anya mwalimu wa kijiji 13, yaani zaidi ya theluthi ya kipato chake. Na huyo mwalimu ni shemeji ya mtu, jirani ya mtu, na amekaa pale miaka 20. Mgawo unafungwa kabla ya tarehe 1 Septemba kwenye waraka wanaouita kwa Kirusi *tarifikatsia*: jina, shahada, daraja, masomo, idadi ya vipindi. Kijana akifika Septemba anakuta mabaki: vipindi 4 vya kuchora, 2 vya kazi za mikono, 3 vya jiografia. Akipiga hesabu ya pesa, mwaka ukiisha yuko Urusi kwenye kazi ya ujenzi.

Kwa hiyo anayetaka kujua hali halisi ya shule ya kule asisome taarifa ya nafasi wazi. Aombe tarifikatsia, aweke safu ya "alichosomea" kando ya safu ya "anachofundisha", halafu ahesabu mistari isiyolingana. Kazi ya dakika 20 kwa shule moja.

---

Nyundo

Mbona rahisi tu, wapandishe mishahara. Mengine ni porojo.

---

Ikama_Pungufu

@Nyundo mkuu, ukipandisha stavka bila kugusa namna ya kulipa, umepandisha bei ya kipindi. Bei ya kipindi ikipanda, mwenye vipindi 31 anaving'ang'ania zaidi. Nyongeza inamfikia zaidi yule ambaye tayari amebeba kupita kiasi, na kijana mpya bado anapewa mabaki, safari hii ya bei nzuri kidogo.

Kinachoweza kusaidia ni kumhakikishia mwalimu wa mbali stavka nzima hata vipindi vikiwa 10, na saa zilizobaki zijazwe na kazi inayoeleweka: maabara, wanaochelewa kusoma, maktaba. Hapo utakutana na kikwazo cha fedha. Tangu mwaka 2010 nchi nzima inatumia ugawaji wa fedha kwa kichwa cha mwanafunzi, baada ya majaribio ya wilaya chache kuanzia 2005. Shule yenye watoto 600 inapumua. Yenye watoto 45 inalipia mkuu, mlinzi, mkaa na walimu 9 kutokana na vichwa 45. Kuna vizidishi kwa ajili ya milima, ila kizidishi hakigeuzi 45 kuwa 200.

---

Nuru_ya_Kijiji

Niongeze upande wa chuoni, maana uhaba unaanzia huko.

Njia za kuingia ualimu ni mbili: chuo cha ualimu cha kati, kinachotoa zaidi walimu wa madarasa ya chini, au chuo kikuu. Kikongwe ni Chuo Kikuu cha Ualimu cha Dushanbe chenye jina la Sadriddin Ayni, tangu 1931. Vingine vinavyolisha mikoa viko Khujand, Kulob, Bokhtar na Khorog. Tangu 2014 kuna mtihani mmoja wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu, na tahasusi zimegawanywa makundi matano. Ualimu umewekwa kundi moja na fasihi, lugha na sanaa.

Wakati wa Kisovieti vyuo vilitoa sana walimu wa masomo mawili: hisabati na fizikia, kemia na baiolojia. Rudini kwenye hesabu ya mleta mada. Mwenye kemia na baiolojia kijijini anaweza kufikisha stavka karibu nzima kwa masomo aliyosomea. Mwenye kemia peke yake hawezi. Ukimfundisha mtu somo moja kwa miaka minne ukitegemea ataenda shule yenye vipindi 4 vya somo hilo, umeshamwandaa kwa ajili ya mjini.

Halafu kulikuwa na kusoma kwa mbali, walikokuita *ghoibona*, yaani kusoma ukiwa haupo. Mwanafunzi alikwenda chuoni mara mbili kwa mwaka, kwa muda mfupi, kusikiliza mihadhara na kufanya mitihani, muda mwingine wote alikuwa kijijini, na mara nyingi tayari alikuwa anafundisha. Wengi wanauponda mfumo huu na kweli mihadhara yake ilikuwa kukimbizana. Lakini ndio uliowaweka watu vijijini: aliyesoma hivyo hakuhama, hakuoa mjini, hakuzoea umeme wa saa 24. Kosa lilikuwa kwamba ile miezi ya kijijini, ambayo mtu anafundisha kila siku, haikuwa na mkufunzi wala alama. Mazoezi ya kufundisha yaliandikwa kama jambo la pembeni wakati yangeweza kuwa ndiyo kozi yenyewe.

Upande wa wasichana: tangu 1997 kuna nafasi maalum za rais, wanaziita kvota, zinazowaingiza vyuoni wasichana kutoka wilaya za mbali kwa gharama ya serikali, kwa sharti la kurudi kufanya kazi kwao. Kuingia chuoni si tatizo kubwa. Mkwamo uko kabla na baada. Kabla: msichana akimaliza la 9, la 10 liko kijiji kingine kilomita 6, na hapo ndipo familia nyingi humkalisha nyumbani, kvota haimfikii aliyeishia la 9. Baada: akiolewa wilaya nyingine, sharti la kurudi linakufa kimyakimya. Hakuna afisa elimu atakayemfuata mke wa mtu.

---

Kapuku_Mdadisi

Nimeweka kambi. Hivi ni kweli maneno yao ya shule yanafanana na yetu? Niliona mahali wanasema "daftar".

---

Bi_Lahaja

@Kapuku_Mdadisi kabisa mwanangu. *Maktab* kwao ni shule, *muallim* ni mwalimu, *kitob* kitabu, *qalam* kalamu, *dars* somo, *imtihon* mtihani, *daftar* daftari. Kiarabu kimetupitia sote, sisi kwa bahari na wao kwa nchi kavu. Ila usidhani Kitajiki na Kiarabu ni jamaa. Kitajiki ni lugha ya Kiirani.

Na hapo ndipo niingie, kwa sababu mafunzo mengi ya ualimu kule yanachukulia kwamba kila mtoto wa Tajikistan anaongea Kitajiki. Si kweli. Badakhshan, milima ya Pamir, watoto nyumbani wanaongea Kishughni, Kirushani, Kiwakhi, Kiishkashimi, Kiyazghulami. Hizi ni lugha za Kiirani cha mashariki, Kitajiki ni cha magharibi, hawaelewani. Nyumba kwa Kitajiki ni *khona*, kwa Kishughni ni *chid*. Mtoto wa miaka 7 anafunguliwa kitabu cha alfabeti, anaona picha ya nyumba, anasema "chid", mwalimu anamwonyesha herufi inayosomeka "kh". Anayefundishwa kuoanisha sauti na herufi kwa neno asilolijua haoanishi kitu. Anakariri umbo la ukurasa. Ndiyo maana unakuta mtoto "anasoma" ukurasa wa 14 bila kukosea na ukimwandikia maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine anakwama.

Wenye kujua KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) watatambua ugonjwa huu, ni wa mtoto wa Kimasai au Kihadzabe anayekutana na Kiswahili darasa la kwanza.

Mwalimu mzuri wa huko anafanya hivi: wiki 6 hadi 8 za mwanzo hakuna herufi. Kitajiki cha mdomo tu, maneno 8 hadi 10 mapya kwa siku, yote ya vitu vinavyoshikika ndani ya chumba, kwa vitenzi vya amri (simama, leta, funga, weka juu ya). Maelezo yanatolewa kwa Kishughni, jibu linatakiwa kwa Kitajiki. Herufi zikianza, anaanza na maneno ambayo watoto tayari wanayasema, hata kama yako ukurasa wa 40. Herufi za nyongeza za Kitajiki ambazo Kirusi hakina (ғ, ӣ, қ, ӯ, ҳ, ҷ) zinaachwa mwishoni, na ӣ na ӯ hazifundishwi wiki moja na и na у, maana tofauti ni kimstari tu juu.

Kinachomwangusha ni ukaguzi. Mkaguzi akifika Oktoba anatafuta ukurasa ambao azimio la kazi linasema darasa liwe limefika. Hakuti herufi hata moja daftarini. Mwalimu anaandikwa "amechelewa". Mwaka unaofuata anafungua kitabu tarehe 2 Septemba kama wenzake.

Shule za Kiuzbeki nako kuna balaa la aina yake: Uzbekistan ilipitisha alfabeti ya Kilatini 1993, huku shule za Kiuzbeki za Tajikistan zikibaki na Kisirili. Vitabu vya jirani wanaoongea lugha ileile havisomeki darasani.

---

ChakiMbili

Naingia kwenye shule ndogo, zile tunazoita huku shule shikizi: watoto 12 hadi 30, walimu wawili, madarasa manne. Mpangilio wa Kisovieti ulikuwa kuoanisha la 1 na la 3 kwa mwalimu mmoja, la 2 na la 4 kwa mwingine. Wengi wanauliza kwa nini si la 1 na la 2, si wanakaribiana umri? Ndiyo sababu yenyewe. La 1 na la 2 wote wanamhitaji mwalimu kila dakika. La 3 anajua kusoma maelekezo, anaweza kufanya kazi ya kimya mwalimu akiwa upande wa pili.

Somo la dakika 45 linalokwenda vizuri:

Kabla ya kengele: kazi ya la 3 iko ubaoni tayari. Ubao umegawanywa kwa mstari wa wima, nusu kwa nusu, na madarasa yanakaa kila moja mbele ya nusu yake.
0–3: salamu, mahudhurio.
3–18: mwalimu na la 1. La 3 wanafanya marudio ya jana, hesabu 6, si jambo jipya.
18–33: mwalimu na la 3, somo jipya. La 1 wana kazi mbili za dakika 7 kila moja, si moja ya 15.
33–40: la 1 wanasomewa na kusahihishwa. La 3 wanafanya mazoezi ya kile walichofundishwa sasa hivi.
40–45: la 3 wanasahihisha na kupewa kazi ya nyumbani. La 1 wanapaka rangi au kupanga vijiti.

Kinachoharibika. Kwanza, kazi ya kimya isiyosahihishwa. Ndani ya wiki mbili watoto wanagundua haiangaliwi, wanaacha kuifanya, darasa linakuwa na kelele, mwalimu anahamia kufundisha wote kitu kimoja. Pili, somo jipya kwa madarasa yote mawili siku moja. Hapo hakuna ratiba itakayokuokoa. Azimio la kazi la wiki linapaswa kuonyesha la 1 "jipya", la 3 "marudio", kesho kinyume. Tatu, kuwatumia watoto wa la 3 kama walimu wadogo kila siku. Dakika 5 sawa, dakika 20 ni kumwibia mtoto darasa lake.

Na kuna ratiba ya kupishana, ambayo mimi naiona ni bora kuliko yote. La 3 wanafika saa 2:00 asubuhi, la 1 wanafika kipindi cha pili, saa 2:55. La 3 wanaondoka baada ya kipindi cha nne, la 1 wanabaki kipindi cha tano. Matokeo: kila darasa lina kipindi kimoja kwa siku na mwalimu peke yake. Weka kusoma na hesabu hapo. Kuimba, kuchora, kazi za mikono na michezo weka kwenye vile vitatu vya pamoja.

Gharama yake: mwalimu amefundisha vipindi 5 badala ya 4. Kama kile cha tano hakikuingizwa kwenye tarifikatsia, anafanya bure, na atakifanya hadi Oktoba tu.

---

MwalimuRongai

@ChakiMbili hiyo ya kupishana nimeipenda bure. Lakini chuo kinawafunza?

---

ChakiMbili

Kwa sehemu kubwa hapana. Mazoezi ya kufundisha hufanyika kwenye shule za mjini, zenye watoto 30 na zaidi wa darasa moja, shule zenyewe zikiwa na zamu mbili na nyingine tatu kwa siku. Mhitimu anaona mara ya kwanza madarasa mawili kwenye chumba kimoja siku anayoripoti kazini.

---

MkaguziMstaafu

Nichangie mafunzo kazini, kwa sababu fedha nyingi za wafadhili zimepita huko.

Utaratibu wa zamani: kila baada ya miaka mitano hivi mwalimu anaitwa kwenye kozi ya wiki kadhaa katika taasisi ya mkoa, anasikiliza mihadhara, anapata cheti, cheti kinaingia kwenye faili la kupandishwa daraja. Madaraja ni la pili, la kwanza na la juu. Mwalimu wa kijiji anaangalia mambo mawili: nauli, na nani atashika vipindi vyake. Akishikiwa, malipo ya vipindi hivyo yanakwenda kwa aliyeshika. Mnaona stavka imerudi? Anayekubali kwenda kozi kirahisi ni mwenye vipindi vichache, na mwenye 31, ambaye ndiye anafundisha somo asilosomea, ndiye anayebaki.

Miradi ya nje ikaja na mafunzo ya ngazi: kitaifa wanafunza wa mkoa, mkoa wanafunza wilaya, wilaya wanafunza mwalimu mmoja wa kila shule, huyo akafunze wenzake. Siku 10 za juu zinafika shuleni zikiwa saa mbili za Jumamosi na bango moja ukutani. Kinachopotea njiani ni mazoezi. Maneno hufika ("mwanafunzi ndiye kitovu"), ila namna ya kuuliza swali moja kwa watoto 28 bila walewale watatu kujibu haifiki.

Badakhshan walikwenda njia tofauti kidogo, na hapa kuna kamba inayotuunganisha. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha taasisi ya maendeleo ya elimu Karachi mwaka 1993, na walimu kutoka Pamir walipelekwa kusoma uzamili pale, kisha wakarudi kuwa wakufunzi Khorog, mji mkuu wa Badakhshan. Taasisi hiyohiyo ndiyo iliyofungua tawi Dar es Salaam 2006. Wazo ni lilelile walilolisikia walimu wetu: mkufunzi anakwenda shuleni, na shule nzima inafanyiwa kazi pamoja, mkuu akiwemo, badala ya kumchomoa mwalimu mmoja.

Linavyofanyika likifanyika sawasawa: shule 5 hadi 8 za bonde moja zinaunda kundi. Mkufunzi anakaa shule moja siku mbili mfululizo. Kabla ya somo, dakika 10 na mwalimu: unataka watoto waweze kufanya nini kengele ikilia? Ndani ya somo hajazi fomu ya alama. Anachora ramani ya viti na kuweka nukta kila mtoto anapoongea. Baada ya somo, dakika 20, anaweka ramani mezani na kunyamaza. Mwalimu mwenyewe anaona nukta zote ziko safu ya mbele. Wanakubaliana kitu kimoja cha kubadili, kimoja tu, na mkufunzi anarudi baada ya wiki tatu kuangalia hichohicho.

Muda unatoka wapi? Kuna urithi mzuri wa Kisovieti, siku ya mbinu: mwalimu wa somo anapangiwa siku moja ya wiki isiyo na vipindi kwa ajili ya kujiandaa. Vijijini siku hiyo imekuwa ya shamba na mifugo, na siwalaumu. Lakini ukipanga walimu wa hisabati wa kundi zima siku ya mbinu iwe Jumatano, unaweza kuwakutanisha mara moja kwa mwezi bila mtu kupoteza kipindi hata kimoja. Hilo linafanywa na mwalimu wa taaluma wa kila shule, kwa simu, mwezi Agosti. Septemba ikianza umechelewa.

---

FundiBomba

Mnazungumza ualimu, mmesahau baridi. Kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, darasa lisilo na jiko halifundishiki. Wino wa kalamu unakataa.

Jiko la chuma (wanaita *pechka*) katikati ya chumba au kwenye kona, bomba likitokea dirishani. Tuseme kilo 10 za makaa ya mawe kwa chumba kwa siku, siku 90 za shule: kilo 900. Shule ya vyumba 8 inahitaji zaidi ya tani 7, na lazima zifike kabla theluji haijafunga njia za juu. Bajeti ikichelewa hadi Desemba, hata hela ikiwepo gari halipandi. Hapo kila mtoto anakuja na kuni mbili au mavi makavu ya ng'ombe. Murghab, mita 3,600 juu ya bahari, hakuna miti. Wanachoma kichaka kinaitwa tereskeni, na kila kikichomwa malisho yanapungua.

Makosa ya hatari: kufunga kizibo cha bomba mapema ili joto lisitoke. Makaa yakiwa bado mekundu, gesi ya sumu inarudi chumbani, haina harufu, watoto wanaanza kuumwa kichwa na kusinzia, mwalimu anadhani ni uvivu. Kizibo hakifungwi mpaka makaa yawe majivu, na dirisha moja liwe na mwanya wa vidole viwili siku zote. Kosa la pili: makaa ya unga. Ni rahisi kununua, ila yanaziba hewa, yanatoa moshi mwingi na joto kidogo. Yaloweshwe na udongo kidogo, yafinyangwe mabonge, yakaushwe Septemba.

Jambo linaloshangaza wengi: Khorog na mabonde yake mengi yana umeme wa majira ya baridi wa kutegemewa kuliko vijiji vya tambarare za Khatlon, mkoa wa kusini. Kampuni ya Pamir Energy imeshika umeme wa Badakhshan tangu 2002, na mitambo yake ya nguvu ya maji haitegemei gridi kuu, ambayo vijijini hugawa umeme kwa saa msimu wa baridi. Kwa hiyo anayepeleka kompyuta aulize ratiba ya umeme ya Januari, si ya Juni.

---

Nyundo

Sawa, nakubali mishahara peke yake haitoshi. Lakini mwenye vipindi 31 utamfanya nini? Huwezi kumfukuza.

---

Ikama_Pungufu

@Nyundo hafukuzwi, na vipindi hanyang'anywi kwa mkupuo. Vile 6 vya fizikia tafuta namna mbili. Ya kwanza: huyo wa hisabati apewe fizikia rasmi kama somo la pili, asome kwa mbali, na mazoezi yake yawe vipindi vyake vyenyewe, mkufunzi akiangalia somo kwa ramani ile ya @MkaguziMstaafu. Miaka miwili, na anabaki kijijini. Ya pili: akikaribia kustaafu, kijana aingie mapema, miaka miwili kabla, kwa stavka ya uhakika, akibeba vipindi vya madarasa ya chini na maabara, huku akipokezwa la 7, kisha la 8, kisha la 9. Wengi waliosoma chuo kabla ya vita sasa wako kwenye umri huo, kwa hiyo dirisha si refu.

Walimu wa kuzunguka shule mbili sipendekezi isipokuwa tambarare. Kwenye bonde la Bartang, huko Pamir, poromoko moja la theluji linafunga barabara siku kadhaa, na shule zote mbili zinabaki bila fizikia.

---

MwalimuRongai

La mwisho. Nikiletewa tarifikatsia ya shule ya watoto 60, niangalie safu gani kwanza?

---

Ikama_Pungufu

Anza na jumla ya vipindi kwa kila jina. Yeyote aliyepita 27 mzungushie duara. Kisha angalia alichosomea. Kisha soma jina la ukoo la mkuu wa shule, ulinganishe na yale uliyozungushia.